Watu Kumi wa Bi Dirisha

Tulimwita Bi Dirisha kwa sababu miaka kumi na tisa alikaa kwenye dirisha la mapokezi la zahanati yetu, na miaka yote hiyo mimi nilikuwa nikipiga deki mbele yake. Kadi yako ikilowa, ikitafunwa na panya, hakukufukuza. Alikutazama usoni akasema, "Wewe wa presha, faili lako rafu ya tatu," na faili lilikuwepo. Ulimi wake ulikuwa pilipili, lakini hakuna mgonjwa aliyerudi mikono mitupu kwa sababu yake.

Wakaja wataalamu wawili, dada mmoja mpole na mwenzake wa kompyuta. Walikuwa wanatengeneza mashine ya kumtambua mgonjwa kwa kidole, kadi zifutwe. Yule dada akamwambia, "Mama, wewe ndiye unayewajua. Tuchagulie watu kumi wanaofanana na wagonjwa wako wote, wajaribu mashine kabla hatujaimaliza."

Wote, alisema. Nilisikia kwa masikio yangu, fagio mkononi. Bi Dirisha naye alisikia, ila mtu aliyelelewa vizuri hampi mgeni kikombe chenye ufa. Akachagua mwalimu mstaafu, fundi cherehani, karani wa posta, na wengine wa aina hiyo hiyo. Kumi, wote wanajua kusoma, wote wamepiga pasi.

Dada mkubwa wa Bi Dirisha alikuwa kwenye benchi siku hiyo, amefuata dawa zake za presha. Mama huyo alivunja kokoto tangu ujana, na kokoto hizo ndizo zilizomsomesha Bi Dirisha. Akasema, "Niweke na mimi basi, mdogo wangu."

"Ah, dada! Wewe utawachelewesha wageni."

Benchi zima likacheka. Mimi pia nilicheka, sijitoi.

Mashine ikapita kumi kwa kumi. Baada ya miezi michache dirisha likapigiliwa ubao, Bi Dirisha akapelekwa chumba cha nyuma kupanga mafaili ya zamani, na mashine ikawekwa mlangoni pamoja na mlinzi. Dada mtu akaja, akaweka kidole. Taa nyekundu. Akakipangusa kwenye gauni, akajaribu kingine, akavimaliza vyote kumi. Kokoto zilikuwa zimeshakula alama zote za vidole vyake.

"Bibi, mashine haikujui," mlinzi akasema. "Wapishe wenzako."

Nikamwambia nimwite mdogo wake. Akanishika mkono kwa nguvu. "Usimwambie. Nitamtia aibu kazini kwake." Alirudi mara moja tena, ikawa yale yale, kisha hakuonekana. Bi Dirisha akimpigia simu kumuuliza kama amechukua dawa, anajibiwa amechukua. Nami nikanyamaza kwa kuwa niliombwa ninyamaze. Mficha uchi hazai, na pale tulikuwa wafichaji watatu.

Kiharusi kilimpata akiwa kazini, nyundo mkononi. Bi Dirisha alipofungua kopo la dawa nyumbani kwa dada yake, lilikuwa tupu, na tarehe juu yake ilikuwa ya miezi miwili nyuma.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta kwenye chumba cha mafaili, simu sikioni, anapiga kelele. "Izimeni! Izimeni hiyo mashine, inaniulia watu!" Sauti ya yule mtaalamu wa kompyuta ikajibu taratibu kwamba majaribio yote yalipita. "Yalipita kwa sababu niliwaficha wagonjwa wangu! Niliwaletea wasioniaibisha!" Akakaa chini kwenye sakafu iliyolowa. Akamsihi mganga mkuu amrudishie dirisha. Mganga mkuu akasema amri imetoka juu. Basi akachukua kiti, akakaa mlangoni, akaandika kila aliyefukuzwa na taa nyekundu: mfua nguo, muuza mkaa, mzee mwenye mikono inayotetemeka. Wiki haikuisha, daftari likawa na watu arobaini na mmoja.

Yule dada mtaalamu alikuja, lazima niseme haki yake. Akasoma daftari, kisha akauliza aanze na nani.

"Na dada yangu."

Tulikwenda watatu, na mashine ndogo ya majaribio mkobani. Mgonjwa alikuwa amelala chali, upande wa kulia umekufa, mdomo umepinda. Bi Dirisha akapiga magoti. "Dada, wale wageni wamerudi. Safari hii nimekuweka wa kwanza."

Dada akamtazama. Maneno yalitoka moja moja. "Si... nitawa... chelewesha?"

 Bi Dirisha akaunyanyua ule mkono uliokufa, akaweka kidole cha kwanza kwenye mashine, kisha cha pili, kisha cha tatu, na kila mara taa iliwaka nyekundu.