Fundi wa Vifaranga

Fundi wa mashine ya kutotolesha vifaranga alikuwa na viganja vikavu kama gome. Kabla ya kugusa yai alivisugua vipate moto, kisha akalisemesha: "Samahani, mwanangu, ni mimi tu." Sisi wapakiaji wa maboksi tulimtania kwamba mkewe hajawahi kuombwa samahani nyingi hivyo, naye alicheka kutushinda.

Kisha ushuru wa kuku kutoka nje ukafutwa. Mapaja yaliyogandishwa yakajaa madukani kwa bei ya kutupa, maana serikali za huko huwabeba wafugaji wao kwa ruzuku. Wafugaji wetu wakafunga mabanda, vifaranga vikakosa mnunuzi. Bosi akaingia, akasema macho yakiwa sakafuni, "Zima mashine. Tunachoma umeme bure."

"Bosi, wameshaanza kugonga maganda. Kesho wanatoka."

"Watoke waende kwa nani?"

Fundi alizima, akavuta kiti, akaegemeza mgongo kwenye mlango wa mashine. Tulimwambia, "Baba, twende nyumbani." Akatikisa kichwa. Alikaa akisikiliza vilio vya vifaranga ndani ya maganda vikififia, na mle ndani mlipokuwa kimya kabisa akainuka, akaomba ufagio.