Fundi Kucha na boksi la baba mkwe

Saa moja na robo asubuhi, nyuma ya mashine ya kusaga nafaka, mwanamke wa miaka arobaini na sita amesimama juu ya ngazi, kichupa cha rangi nyekundu ya kucha amekibana kwa meno. Paneli zilizo juu ya bati amezifunika blanketi zito, swichi ameizima, na boksi la sola lililofungwa ukutani liko wazi mbele ya uso wake.

Anakaza skrubu ya sita. Anaushika waya kwa vidole viwili, anauvuta, anautikisa, anauvuta tena. Waya hauendi popote. Ndipo anapokitoa kichupa mdomoni na kupaka mstari mwembamba wa rangi, kuanzia kichwani mwa skrubu hadi kwenye plastiki iliyo pembeni yake.

Mwenye mashine, aliyesimama chini akiishika ngazi, anauliza kama na yeye atapakwa.

"Wewe ukishakazwa ukakazika, nitakupaka," anajibiwa.

Mtaa mzima unamwita Fundi Kucha. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake wa kiume, na hawakumpa kwa mapenzi. Waliona mwanamke anapanda ngazi na vipodozi, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Lakini mstari ule una kazi yake. Skrubu ikilegea, hata kidogo kiasi gani, mstari unakatika, na yeyote atakayefungua boksi ataona tatizo kabla hajagusa kitu.

"Walinicheka miaka miwili," anasema, akishuka. "Siku hizi wananiazima kichupa. Na hawarudishi."

Kabla ya waya zilikuwa nywele. Alisuka kwa miaka kumi na minne katika chumba chenye viti viwili na kioo kimoja, na taa ya sola iliyokuwa ikizimika kila alipofika katikati ya kichwa cha mteja. Fundi aliitwa mara tatu. Mara ya nne ikawa yeye mwenyewe, kwa hasira, aliyelifungua boksi kwa kisu cha mezani. Alikuta waya zimesokotwa pamoja na kuzungushiwa tepu nyeusi, tepu imeyeyuka kwa jua, na sisimizi wamehamia humo na familia zao.

"Nikasema, kusokota huku hata mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza asingenifanyia."

Alikwenda kwa fundi mmoja mzee akaomba afundishwe. Mzee akampa ngazi aishike. Aliishika kwa miezi minane, malipo yakiwa nauli na chakula cha mchana. Mwaka wa kwanza wa kujitegemea alipata boksi kumi na moja tu, na Jumamosi alirudi kusuka ili nyumbani pasilale njaa. Mumewe, mwokaji wa mikate, ndiye aliyemnunulia koleo lake la kwanza. Anasema aliuza baiskeli, na mpaka leo anakumbushia.

Kazi yenyewe ukiitazama ni ya vidole. Boksi ndipo waya za paneli, betri na taa zinapokutana, na makazi yake ni nje, penye jua, mvua, vumbi na mijusi. Ndani ya kila waya mmoja zimo nyuzi nyingi nyembamba. Fundi Kucha huzikusanya zote, huzivisha kikofia cha shaba kisichozidi punje ya mchele, hukibana kwa koleo, ndipo hukiingiza kwenye skrubu. Hakuna uzi unaobaki nje. Waya huuingiza kwa upande wa chini wa boksi, na kabla haujapanda huuacha uning'inie kidogo, ili maji ya mvua yakifika pale yadondoke chini badala ya kuingia ndani.

"Waya hauharibiki katikati," anaeleza. "Unaharibika pale unapokutana na mwenzake. Kama ndugu tu."

Siku hizi hufunga maboksi manne hivi kwa mwezi. Daftari lake lina boksi mia mbili na kumi na saba, na anajivunia kwamba ni matatu tu yaliyomrudisha kwa hitilafu. Anasema hivyo, kisha anafunga mfuko wake wa vifaa.

"Manne," anajisahihisha. "La nne ni la baba mkwe."

Baba mkwe ni karani wa posta mstaafu, miaka themanini na mmoja, mtu anayepiga pasi hata shati la kulimia. Fundi Kucha alimfungia sola mwaka ule wa kwanza, bure, kwa heshima. Na kwa kuwa ilikuwa nyumba ya mkwe, alitaka kazi izidi kazi zote. Hakutosheka na kukaza skrubu. Alichukua risasi ya kulehemu, akaiyeyusha juu ya ncha za waya zote nne mpaka nyuzi zikashikamana, ngumu, zinang'aa. Ndipo akazikaza. Alirudi nyumbani akiimba.

Kosa la namna hii halifanywi na fundi mvivu. Risasi ni laini. Ikibanwa na skrubu siku nyingi, huku ikipata joto mchana na baridi usiku, inabonyea polepole. Skrubu haijazunguka hata kidogo, lakini waya umelegea, na waya uliolegea huchemka. Hata rangi ya kucha haioni ugonjwa huo. Haya yote alikuja kuelezwa na mwalimu wake baadaye, maji yakiwa yamekwisha kumwagika.

Yalimwagika baada ya miezi kumi na mmoja. Baba mkwe alikuwa amewaalika makarani wenzake saba wa zamani kutazama fainali ya mpira. Mechi ilikwenda kwenye penalti. Mpigaji wa mwisho alipochukua hatua ya kwanza, runinga ilizima, taa zikazima, na harufu ya plastiki iliyoungua ikaingia sebuleni. Mpaka leo wazee wale wanabishana kama lilikuwa goli zuri, kwa sababu hakuna aliyeliona.

Mzee hakugomba. Alimsubiri mkwewe, akamkaribisha chai, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, nywele unasuka vizuri sana."

"Angenitukana ningepona haraka," anasema Fundi Kucha.

Tangu siku hiyo mzee alikuwa na fundi wake mwingine. Mkwewe alipokuja alipokelewa kwa furaha, akapewa kiti kizuri, ila ukuta wa nyuma ya jiko hakuruhusiwa kuukaribia. Alijaribu mara mbili kueleza habari za risasi. Mzee alibadilisha mazungumzo, akamwuliza watoto wanaendeleaje shuleni.

Fundi Kucha hakuumizwa na aibu peke yake. Ncha zilikuwa nne, iliyoungua ni moja. Hakujua kama yule fundi mpya alizibadilisha zile tatu au alifunika boksi akaenda zake. Kwa miaka sita amekuwa akiwaza kwamba kazi ya mikono yake huenda inachemka polepole ukutani mwa nyumba anayolala mzee wa watu.

"Nikisikia tu harufu ya plastiki popote, hata ni jirani anachoma taka, moyo unaruka," anasema. "Wateja mia mbili wananiamini. Ninayetaka aniamini ni mmoja."

Tungali nje ya mashine ya kusaga simu yake inapolia. Ni mumewe. Anasikiliza, anaegemea ngazi.

"Taa za baba zinacheza tangu wiki iliyopita," anatuambia baada ya kukata. "Fundi wake amekuja mara mbili, kabadilisha balbu, kabadilisha betri. Leo hapokei simu. Baba amesema niende."

Anatabasamu kidogo. "Hakusema nikatengeneze. Amesema nikaone."

Saa nne tunafika. Mzee ameketi mlangoni, shati jeupe, mikunjo ya pasi imesimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na mwandishi wa gazeti?"

"Amenifuata mwenyewe."

"Basi aandike ukweli," anasema mzee, na kwa sauti ile ile anaomba kiti chake kihamishiwe nyuma ya jiko. Anakiweka hatua mbili kutoka kwenye ngazi, anakaa, anaikunja mikono.

Fundi Kucha anafunika paneli, anazima swichi, anahakikisha kwa kipimo kwamba hakuna umeme. Anafungua kifuniko.

Alichokuwa akikiogopa kimo. Ncha iliyoungua ilikatwa na kuwekwa waya mpya. Zile tatu ziko vile vile alivyoziacha, zimevaa risasi yake, ila moja imepauka na plastiki inayoizunguka imegeuka rangi ya chai. Anaugusa waya kwa kidole kimoja. Unacheza.

Tuliosimama pale tunaona njia mbili zilivyo mbele yake. Fundi wa mzee hayupo, hapokei simu, na hawezi kujitetea. Neno moja lingetosha: tazama, baba, kazi za watu. Mzee angeliamini, na heshima ingerudi kwa bei nafuu.

"Baba," anaita, bila kugeuka. "Kosa ni langu."

"Lipi?"

"Lile lile. Nilitia risasi kwenye waya zote nne. Nilidhani naongeza nguvu, kumbe naweka ugonjwa. Moja iliungua siku ya mpira. Hizi tatu ni zangu, zimebaki, na hii moja ilikuwa njiani kuungua. Fundi wako kosa lake ni kutozigusa tu."

Kuku anapita kati ya kiti na ngazi, anatazama huku na huku, anaendelea na safari yake.

"Ndiyo uliyotaka kuniambia ile mara ya kwanza?"

"Na mara ya pili."

"Nikakuuliza habari za watoto."

"Ukaniuliza habari za watoto, baba."

Mzee anacheka. Ni kicheko kifupi, kama cha mtu aliyekamatwa na karata mkononi. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," anasema. "Na anayekataa kusikia maradhi, huyo naye aitwe nani? Haya, endelea. Nataka kuona."

Kazi inachukua saa moja na nusu, maana mzee anataka kuelezwa kila kitu. Ncha tatu zinakatwa na kuangukia kiganjani mwake. Anaivaa miwani, anazigeuzageuza, anabonyeza risasi kwa ukucha na kuona alama imebaki. "Laini kweli," anakiri. Sehemu ya plastiki iliyoungua inatolewa, mpya inafungwa. Nyuzi zinavishwa vikofia, vikofia vinabanwa, skrubu zinakazwa.

Kabla ya rangi, Fundi Kucha anashuka. "Sasa vuta wewe, baba."

Mzee anasimama, anakunja mikono ya shati mara mbili, sawasawa. Anapanda vidato viwili huku mkwewe akimshika kiuno. Anavuta waya wa kwanza kwa adabu. Wa pili anauvuta kwa nia. Wa tatu anauvuta kwa deni lote la fainali ile, mpaka boksi zima linalalamika ukutani na mkwewe anamsihi asije akang'oa nyumba.

Waya uko pale pale.

"Paka," anaamuru, akihema. "Ule wa tatu upake mara mbili."

Blanketi linaondolewa, swichi inawashwa. Taa ya jikoni inawaka na kutulia. Mzee anaitazama muda mrefu kuliko taa inavyostahili mchana wa saa sita kasoro, na Fundi Kucha anajifuta macho kwa nyuma ya kiganja, anasingizia vumbi. Hakuna vumbi.

Wakati anakusanya vifaa tunamwuliza anataka nini mbele ya safari. Anasema wako wanawake wanne, wote wasusi, wanaotaka kujifunza kazi hii. Vidole wanavyo, subira wanayo. Hataki washike ngazi miezi minane kama yeye. Anataka siku ya kwanza washike bisibisi.

"Kinachonikwamisha ni boksi," anasema. "Mtu hajifunzi kwa kuchora ubaoni. Unatakiwa ufungue boksi lililo hai, limekaa nje, limepigwa mvua. Nani mwenye nyumba atakubali wanafunzi wanne wamfungue na kumfunga, wamfungue na kumfunga? Nimeuliza nyumba tisa. Wote wananipenda, wote wamekataa."

Mzee amesharudi kwenye kiti chake. Tulidhani anasinzia.

"La hapa si boksi?" anauliza.

Fundi Kucha anageuka. "Hili ni lako, baba."

"Najua ni la nani. Limekaa nje miaka saba, mvua linaijua. Waje Jumatatu. Wasije siku ya mpira." Anafungua kiganja, anazihesabu zile ncha tatu za risasi, anazitia mfuko wa shati na kuupigapiga. "Na somo la kwanza nitafundisha mimi. Wewe utapanda ngazi uwaonyeshe pa kukaza. Mimi nitawaonyesha hizi, niwaambie: huyu mwalimu wenu alikosea hapa, kwenye nyumba hii, kwa sababu alinipenda kupita kiasi. Kisha nitawaambia aliyesema ukweli ni nani."