Dawa za Mama Taraivini

Kwa miezi mitatu presha ya Mama Taraivini, msuka mikeka, ilikataa kushuka ingawa alikuwa amepewa dawa za aina tatu. Nesi wa kisiwa, Salanieta, akaamua kwamba hazimezi.

"Dawa zangu unawapa kuku, mama?" akamuuliza mbele ya foleni.

Watu wakacheka. Mama akainamisha kichwa. "Nazimeza, sista."

"Presha haidanganyi," Salanieta akamjibu.

Kisha akaja daktari kutoka Suva, mji mkuu wa Fiji. Alimsikiliza mama tumboni, juu kidogo ya kitovu, akasikia damu ikivuma, akaondoka naye hadi hospitali ya mjini. Picha ilionyesha kwamba mshipa unaopeleka damu kwenye figo umekuwa mwembamba. Figo, kwa kukosa damu ya kutosha, ilikuwa ikipandisha presha ya mwili mzima. Mshipa ukapanuliwa, presha ikashuka.

Mama aliporudi, Salanieta alimpelekea mizizi ya yaqona, zawadi ya kuombea msamaha kwa desturi yao, akaketi karibu na mlango bila kuthubutu kuinua macho.

"Nimekuja kuomba radhi, mama. Ulikuwa unasema kweli."

"Hata mimi nilianza kujishuku," mama akasema taratibu. "Nikawa namwomba mume wangu anichungulie mdomoni kila nikimeza. Kanisani niliacha kwenda, maana walikuwa wananiita mama kuku."

Salanieta alitamani atukanwe. Mama akaipokea mizizi, akamsogezea chai, na chai yenyewe ikamshinda kuinywa.

Jumatatu, kabla ya kumpima mtu yeyote, Salanieta alisimama mbele ya foleni akaeleza kosa lake.