Kamati ya Kisima cha Biliqo

Kuna siku moja ya kiangazi kule Biliqo ambayo naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Jana ulipozima redio kwa hasira, ukiuliza majaji ni nani hata wawakataze wabunge kubadilisha katiba, ilinirudia yote, hadi harufu ya matope ya kisimani.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kazi yangu kubwa ilikuwa kukaa nyumbani na mama. (Hapa Bulla Pesa mnanicheka kwamba sivuki lami. Nilianza zamani.) Mali yetu ilikuwa mbuzi wachache wa mama, wembamba kama mimi wakati huo. Kisima kilikuwa na kamati ya vijana tuliyoichagua sote, mama naye akinyoosha mkono, ipange zamu za kunywesha. Mwenyekiti alikuwa binamu yangu Galgalo, mtu wa ngamia wengi na maneno mengi zaidi.

Jua lilipokaza, kamati ikakaa, ikakubaliana bila hata mmoja kupinga: wenye mbuzi tu watolewe kisimani, wakachimbe mtoni. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Mama akaketi kando ya birika la kunyweshea, mbuzi wakilia. Mimi, shujaa wa mkekani, nikakimbia kumwita Mzee Guyo, aba herega wetu, ambaye kwa mila ndiye mwamuzi wa mambo ya kisima.

Galgalo alijitetea vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alisema wao wamechaguliwa, mzee hakuchaguliwa, na kura imepita.

"Mlichaguliwa na nani?" Mzee akamuuliza.

"Na watu wa kisima."

"Na huyu mama alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Basi sikia, kijana wangu. Tuliwapa zamu mpange. Nani atangulie, nani angoje, badilisheni hata kila asubuhi, sitawaingilia. Lakini nani ni mtu wa kisima, hilo hatukuwapa. Mkitaka kulibadilisha, rudini mkawaulize wote waliowachagua, na wenye mbuzi wakiwemo."

Galgalo akanung'unika kwamba mzee mmoja ameshinda kamati nzima.

"Sijashinda," Mzee akasema. "Hata mimi siwezi kumtoa huyu mama."

Mbuzi wa mama walikunywa jioni ile, wa mwisho kabisa, maana zamu ilibaki ya kamati. Galgalo mwenyewe ndiye aliyevuta maji, uso umemkunjamana, na mama akimwambia asimwage.

Kwa hiyo, mwanangu, mpende mbunge wako, mbebe hata begani ukitaka. Mgongo ni wako. Ila ujue kuna mengi anayoweza kubadilisha kwa kura yake, na kuna ya msingi ambayo katiba yenyewe imesema lazima yarudi kwako kwa kura ya maoni. Jaji anayelizuia bunge hapo hajakunyang'anya kitu, anakungojea wewe. Naye mchunge, asije akajiona ndiye mwenye nchi. Na siku utakapokuwa upande wa wengi, kabla hujanyoosha mkono, uliza nani hayupo kikaoni.

Mungu akuzeeshe vizuri, akupe mvua kwa wakati wake na viongozi wanaojua pa kuishia. Amin.