Bibi Yangu Alifika Manado, Mimi Nilibaki na Ng'ombe

Mukandori, bibi yangu wa ndoa, alikuwa hajawahi kupita kijiji cha Buleusa. Huko njo ulikuwa mwisho wa dunia yake. Alikwenda mara moja kutafuta mafuta ya mawese, akarudi miguu imevimba, akaapa hatarudia tena. Muntu wa namna hiyo njo walimupandisha ndege mpaka Indonezia, kwenye muji mumoja unaitwa Manado, kando ya bahari. Na mimi Damascène, shemasi wa kanisa letu hapa juu ya Kitshanga, muntu anayejua Kifaransa, muntu aliyefika mpaka Kisangani, mimi nilibaki na ng'ombe. Munielewe vizuri. Sisemi kama Mungu alikosea. Ninasema tu, angeniuliza kwanza.

Mambo ilianza hivi. Kanisa la kule Manado liko na urafiki na kanisa letu tangu zamani, na mwaka huo waliomba mama mumoja wa huku, mama mulimaji, aende kukaa nao juma kadhaa. Nilisimama mbele ya kamati, nikasema papa vilevile anaweza kuwa mulimaji. Pasta alicheka sana, alifikiri ninatania. Wakachagua Mukandori, kwa sababu yeye njo aliyelimisha shamba la viazi la wajane wakati wengine walikuwa bado wanabishana nani ataleta majembe.

Huyo njo Mukandori. Mufupi, mabega ya nguvu, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya na hatafuti kusikika. Ukimugombeza hajibu, anaendelea kuchagua maharagi, na unamaliza hasira yako peke yako kama muntu anayeimba bila kwaya. Niko naye tangu tuko vijana. Tulikimbia vita pamoja, tulilala kambini pamoja, tukarudi pamoja, tukajenga tena nyumba kwenye majivu ya ile ya kwanza. Hakuna mahali nilikuwa nimeona ambapo yeye hakuona, isipokuwa Kisangani. Na Kisangani nilikuwa ninamuelezea vizuri sana, kila mara kukiwa wageni.

Aliondoka kupitia Kigali. Kisha juma ya kwanza sauti zake za kurekodi zikaanza kuingia kwenye telefone.

Rezo ya telefone kwetu inashika tu juu ya kilima, nyuma ya kiraro cha ng'ombe. Nilikuwa ninapanda kule kila jioni nikishamaliza kukamua. Mwanzoni nilipanda peke yangu. Kisha binti yetu Christa akanifuata, kisha watoto wengine, kisha jirani yangu Viateur, kisha kila muntu ambaye hakuwa na kazi. Walikaa kwenye majani, na mimi ninashika telefone juu ili wote wasikie bibi yangu anavyokula maisha.

"Papa Christa," anasema, na nyuma yake kunasikika pikipiki na muziki, "huku bahari iko karibu na barabara namna mutaro wetu uko karibu na jikoni. Jioni watu wote wanatoka kutembea kandokando yake, hakuna kitu wanafanya, wanatembea tu. Makanisa iko mingi kuliko maduka. Asubuhi walinipa uji wa mahindi, wamechanganya maboga, muhogo na lengalenga, sufuria moja. Wanaenda kuukula kwenye restora, Papa Christa! Niliwaambia hii kwetu ni chakula ya mwaka mubaya, wakacheka mpaka machozi."

Watu walicheka pale kwenye majani. Mimi roho ilinichoma. Si uji ulionichoma, ni sauti yake. Nyumbani Mukandori anaongea kwa kupima, kama muntu anayemimina mafuta kwenye chupa. Kule alikuwa anamwaga.

Siku nyingine alikuwa kwenye pwani ya Malalayang. Mawe yake ni meusi, alisema, sawa na mawe ya volkano pale Goma, lakini yameoshwa na maji mpaka yanateleza. Wamama wanauza ndizi za kukaanga, unachovya kwenye pilipili iliyosagwa na samaki wa moshi. Na mbele, katikati ya maji, kuna mulima. Mulima muzima, umesimama ndani ya bahari, wanauita Manado Tua, volkano ya zamani, na watu wamejenga kwenye miguu yake. "Nilitafuta ng'ombe kwa macho," alisema, "kwa sababu mulima ni sawa na wa kwetu. Hakuna hata moja. Majani yote ile inakua bure."

Usiku huo nilikaa kando ya moto. Nilikuwa ninawaza: mulima ndani ya maji, na mimi nitakufa bila kuuona, na nikibisha juu yake nani atanisikiliza? Hata Kisangani yangu iliisha siku ile. Mugeni mumoja alikuja kunisalimia, nikaanza kumueleza muto wa kule Kisangani, akanikata: "Na bahari ya Mama Christa, iko namna gani?"

Sasa, kuna huyo bwana. Papa Maxi. Ni muzee wa kanisa la kule, njo aliyempokea Mukandori nyumbani kwake. Kwenye foto ya kwanza amesimama kando, sawa. Kwenye foto ya pili amebeba sakosi ya mukononi ya bibi yangu. Kwenye ya tatu wako kwenye mutumbwi wenye kioo chini, wanaenda kisiwa cha Bunaken, na Papa Maxi anamuonyesha kitu kwa kidole, na Mukandori ameinama, kinywa wazi. Muntu iko na meno yote. Katika umri ule, meno yote! Nilimuchukia bila kusikia hata neno moja toka kwake.

Sauti iliyofuata ilikuwa ya Bunaken. Aliongea polepole. Alisema chini ya kile kioo kuna bustani, samaki wa rangi za vitenge, wanapita makundi makundi bila kugongana. Kisha bustani inakatika ghafula, sakafu ya bahari inaisha kama kwenye bonde la kina, na chini inabaki bluu nyeusi tu. "Niliogopa, kisha nikapenda kuogopa," alisema. Viateur alitikisa kichwa. "Shemasi, bibi yako anakuwa muntu mwingine." Nilimuambia achunge ng'ombe zake.

Foto iliyoniharibu ilifika kesho yake. Wako kwenye kisiwa kingine, Siladen, muchanga mweupe kama unga wa muhogo. Mukandori na Papa Maxi wamekaa kwenye ubao, katikati yao nazi changa moja imetobolewa juu, na ndani yake mirija mbili. Mumoja kwenye kinywa cha bibi yangu. Wa pili kwenye kinywa cha Papa Maxi. Vichwa karibu kugusana.

Muntu wa mbali ataona watu wenye kiu. Lakini kwetu siku ya harusi wanaweka mbele ya bibi na bwana kibuyu kimoja cha kasiksi, pombe ya ndizi, na mirija mbili, wanainamisha vichwa pamoja, na watu wanapiga makofi. Hapo njo mumekuwa mumoja. Tangu siku hiyo mwanamuke anaweza kunywa na mama yake, na wakwe zake, na kila muntu ana glasi yake. Lakini kuweka murija wake karibu na murija wa mwanaume mwingine, ndani ya chombo kimoja, hapana. Mimi na Mukandori tulikunywa hivyo. Ninakumbuka joto ya paji lake.

Viateur alikuwa ameinama juu ya bega langu. "Eh," alisema, "harusi ya kule, bwana wa kwanza hawamualike?" Watu wote juu ya kilima wakaangua kicheko, na Christa wangu akacheka pamoja nao bila kuelewa. Nilizima telefone. Nikashuka kilima na wivu yangu.

Asubuhi sikumuuliza Mukandori kitu. Nilivaa koti ya kanisa, nikashuka bonde, nikapanda kilima cha ng'ambo mpaka kwa baba mukwe, Papa Bisengimana. Nilijua ninachofanya. Kwetu, bwana akipeleka mashitaka ya bibi yake mbele ya wakwe, bibi haruhusiwi tena kukanyaga nyumba ya bwana mpaka neno likatwe. Akikutwa na kosa, anabaki kwa wazazi, ng'ombe za mahari zinarudi, na watoto wanabaki na baba. Ndoa inaisha. Nilijua yote hiyo, na nilienda.

Papa Bisengimana aliangalia foto kwa muda. "Yeye mwenyewe ulimuuliza?"

"Foto inatosha, Papa."

"Basi neno lako limeingia kwangu," alisema. "Akifika, ataingia hapa. Wewe utangoja kwako."

Nikangoja. Sauti zake zilikuwa bado zinaingia na mimi sikuzifungua. Nilipika sombe ya majani ya muhogo, watoto wakakataa. Christa aliuliza kama mama atamuletea konokono wa bahari, nikamuambia mama yako atapitia kwanza kwa babu. Aliniuliza sababu. Nikamuambia aende kuteka maji.

Mukandori alirudi siku ya soko. Walinieleza alivyoshuka kwenye gari hapo Kitshanga, kifuko kikubwa kichwani, anacheka na kila muntu, anauliza habari za ng'ombe. Muke wa Viateur, Sidonie, njo aliyemufikia kwanza. Alimuambia: "Dada, usipande kwako. Bwana yako alipeleka mashitaka yako kwa wazazi." Wanasema aliweka kifuko sawa kichwani. Kisha akageuza njia.

Tulikaa siku ya Mungu, ibada ilipoisha, kwenye kiwanja cha baba mukwe. Wazee upande huu, wamama upande ule. Nilisimama nikaeleza vizuri, shemasi anajua kuongea. Nikapitisha telefone mukono kwa mukono. Ilipofika kwa Mukandori, aliishika karibu na macho.

"Kumbe njo hii," alisema.

Hakupandisha sauti. Alisema kulikuwa joto, walinunua nazi moja kwa ajili yake na Mama Deetje, bibi ya Papa Maxi. Walikunywa wote wawili wamama. Kisha Mama Deetje akataka kupiga foto, akasimama, akamuambia bwana yake akae mahali pake na amalize maji yake. "Murija ule ni wa bibi yake. Muangalie juu yake. Mama Deetje anapaka midomo rangi."

Papa Bisengimana akavaa miwani. Mama mukwe, Mama Adelaïde, akasogea. Kwenye murija wa Papa Maxi, chini kidogo ya midomo yake, kulikuwa alama nyekundu, ndogo, wazi kabisa. Foto hiyo niliiangalia siku ngapi, na nyekundu ile sikuiona. Wamama wakaanza kucheka, mumoja akajifunika na kitenge. Wazee waliinuka kidogo, wakanong'ona, wakarudi. Wakasema Mukandori hana kosa. Bwana alete kasiksi, amuombe bibi yake mbele ya watu, kisha wakunywe pamoja tena, neno lifungwe.

Nilileta kasiksi. Niliomba. Wakatuwekea kibuyu, nikainamisha kichwa, na yeye akainamisha chake. Alikunywa kidogo, akafuta kinywa, akaenda kusaidia mama yake kuosha vyombo.

Sasa munisikilize. Mimi bado ninasema kama nilikuwa na haki ya kuuliza. Muntu akiona moshi, anapiga kelele. Na huyo Papa Maxi bado simupendi, angeweza kununua nazi yake.

Tulipokuwa tunapanda kurudi kwetu nilimubebea kifuko. Nilitaka kulainisha mambo, nikamuuliza: "Na ile mulima ndani ya maji, ukiwa karibu, iko namna gani?"

Alitembea mpaka kwenye kona ya njia. Kisha akasema: "Papa Christa, kule kila kitu nilichoona nilikuwekea. Kwenye mutumbwi Mama Deetje aliniuliza mbona ninanyamaza, nikamuambia ninapanga namna nitamueleza bwana yangu, sababu yeye anapenda kujua vitu na hakupata nafasi. Samaki, mawe, harufu ya maji, hata namna jua inaingia pale. Nilikuja nayo yote. Nikafika sokoni, Sidonie akaniambia nisiende kwangu."

"Basi nieleze sasa."

"Sasa sina hamu," alisema. Hakusema kwa hasira. Akachukua kifuko toka mikononi mwangu, akapita mbele.

Ni miezi sasa. Analima, anaimba, anapika vizuri, ananiheshimu mbele ya watu, hakuna kitu ninaweza kulalamikia. Lakini jioni nikirudi toka kiraro ninasikia sauti yake jikoni, ile sauti ya kumwaga. Anaeleza watoto. Bahari inafanya hivi, samaki wanafanya hivi, na Christa anauliza, na wote wanacheka. Wakati mwingine ninasimama nje na ndoo ya maziwa mpaka mikono inauma. Mimi, muntu muzima, nina wivu na watoto wangu.

Kisha ninaingia. Mukandori anakata neno katikati. "Papa yenu amefika," anasema. "Christa, mupe kiti." Ninakaa, ninakula viazi, na watoto wananiangalia kwa adabu, wamenyamaza, wanangoja nitoke.