Mbwa Aliyetujua kwa Tope

Sikusoma sana, na mambo ya mbwa huenda wengine wanayajua kuliko mimi. Lakini hili lililotupata Mwakitolyo bado linanishtua.

Tulikuwa wanne kwenye duara letu, yaani shimo la dhahabu. Tukiwa chini, wezi walikuwa wanatuibia mawe tuliyoyarundika kule juu. Tukachukua mbwa jike, tukampeleka kupata chanjo, tukaanza kumfundisha ulinzi. Niseme haki, tulijitahidi: neno moja tu, "Kaa!", wote tulitamke vilevile; akitii apewe dagaa papo hapo; asipigwe. Na kila mtu ashike zamu, asije akawa mbwa wa mmoja. Zamu zilikuwa jioni, tukishatoka shimoni, tope limeganda hadi kwenye kope. Maji huku ni ya kununua. Nani aoge kwanza ndipo akafundishe mbwa?

Jumapili moja mwenzetu mwanakwaya alipitia kambini kuchukua simu aliyoisahau. Ameoga, amejipaka mafuta, shati jeupe. Mbwa hata hakubweka. Alimrukia akamng'ata paja.

"Mayu wane!" alilia kwa Kisukuma, akimwita mama yake.

Nilibaki ndani ya ovaroli yangu ya tope, nimeshika kikombe cha chai. Huyu si ndiye aliyempa dagaa jana?

Mama lishe anayetupikia pale kambini ndiye aliyenizindua. "We baba, unaangalia sinema? Leta sabuni!"

Tukaosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, tukampakia kwenye bodaboda hadi zahanati, akachomwa sindano. Aliporudi, wale wenzetu wawili walikuwa wameshika machepe. Mbwa anayeng'ata wenyewe, walisema, ni wa kufukiwa. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa karibu kukubali.

"Subirini," akasema majeruhi. "Nipeni ovaroli yangu."

"Unaingia shimoni na mguu huo? Kwaya imekuharibu kichwa!" mmoja wa wale wawili akafoka.

Alivaa ovaroli, akajipaka tope usoni na mikononi, akamchechemelea mbwa pale alipofungwa. Mkia ukaanza kupigapiga chini. Mbwa akamlamba vidole.

Hakuna aliyecheka. Machepe yakashushwa.

"Kumbe mimi hanijui," akasema taratibu. "Anajua tope."

Nilidhani labda ni yeye tu. Mimi ndiye niliyemlisha mara nyingi kuliko wote. Basi nikanunua ndoo ya maji, nikaoga, nikavaa suruali ya sikukuu, nikamwendea. Akanitolea meno. Mimi!

Nikachuchumaa mbali, bila kumkazia macho, nikasema, "Kaa." Masikio yakasimama. Akanusa hewa, akanguruma, akanusa tena. Kisha akakaa. Nikamrushia dagaa.

Tangu hapo, mwenye zamu anaoga kwanza. Yule mwanakwaya alipopona alikuja ameoga, na suruali ileile ya Jumapili ile, imetiwa kiraka pajani, dagaa mfukoni. Alisimama mbali kuliko sisi sote.

"Kaa," akasema. Mbwa akanusa tu; mwenzetu akarudia, na mara hii mbwa akakaa.