Chombo chenye Swichi na Nyaya

Mnisamehe makosa ya herufi na mwandiko mbaya. Niliishia darasa la saba.

Kwenye banda la video hapa Kibamba, mwenye hoja nzuri ndiye anayechagua filamu. Jumapili moja wenzangu walitaka sehemu mpya ya mfululizo mmoja wa filamu za vyombo vya angani, ambamo nahodha anaendesha chombo kwa kugusa kioo tu. Mie huwa kimya, ila nilitaka ya zamani, nikasimama.

"Ya zamani ina swichi na nyaya. Chombo kikizimika, fundi anafungua, anaunga, wanaondoka. Hicho kioo kikipasuka, nani ataunga?"

"Kumbe bubu ana mdomo!" mmoja akadakia.

Mwenye banda, ambaye spika zake ameziunga mwenyewe, akacheka, akaweka ya zamani.

Mpaka leo sijabadili mawazo. Nyie mnaosoma, mnapenda zama zipi za mfululizo huo? Niandikieni, nitajibu, japo polepole.